Jino Langu Lililotupwa Juu ya Paa

Naitwa Bhoke. Nina miaka arobaini na kitu, na kazi yangu ni kupika chakula kwenye machimbo ya dhahabu. Nimepika Geita, nimepika Chunya, nimepika mahali ambapo jina lake lilikufa siku mawe yalipoacha kutoa. Kila ninapofika, watu hunitazama mdomoni kabla ya kunitazama machoni, kwa sababu jino langu moja la mbele, la juu upande wa kulia, lina rangi ya majivu. Wananiuliza kama ni la bandia. Nawaambia hapana, hili ni langu. Liliota humu humu, likang'oka, likatupwa, likarudi. Wanacheka wakidhani nawatania.

Siwatanii. Naandika haya kwa wazazi na walimu, na kwa yeyote anayekaa karibu na watoto, kwa sababu mpaka leo nikikumbuka siku ile mwili unasisimka.

Nilikulia Kerende, wilaya ya Tarime, katika miaka ile ya rashi, watu walipokimbilia dhahabu, kabla hakujawa na uzio wala geti. Ulikuwa unachimba ulipoona panafaa. Baba yangu, Mkurya, alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo, lakini mwaka mmoja aliweka jembe darini na hakulishusha tena. Aliungana na rafiki yake Marwa wakafungua duara lao, yaani shimo la kuchimbia, ng'ambo ya kijito. Shuleni mwalimu akiita majina, nusu ya majibu yalikuwa "yuko duarani, mwalimu". Kila ua ulikuwa na sauti ya mtu anatwanga mawe. Naikumbuka sauti ile kuliko nyimbo tulizofundishwa. Hata sasa nikilala kijiji chenye ukimya napata shida kupata usingizi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia. Meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yameota makubwa, meupe, na katikati yake kulikuwa na mwanya. Mama yangu alikuwa nao, na bibi mzaa mama alikuwa nao. Bibi huyo tulimwita Dana, ndivyo wanavyoita bibi kwao. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, na miezi ile alikuwa amekuja kutusalimia. Akiniona nacheka, alikuwa anasema, "Huo mwanya ni wa kwetu. Umevuka mpaka wa Sirari na hakuna aliyeuuliza karatasi."

Dana mwenyewe hakuwa na meno sita ya chini mbele. Yaling'olewa alipokuwa msichana, kama ilivyofanyika kwa Wajaluo wengi wa umri wake, kwa chuma, bila ganzi, na haikuruhusiwa kulia. Kwake lile pengo lilikuwa ndilo utu uzima. "Mwenye meno yote ya chini ni punda," alikuwa anamwambia mama, na mama anacheka akifunika meno yake. Nalitaja pengo hilo mapema kwa sababu bila hilo pengine leo nami ningekuwa na pengo.

Siku yenyewe nilipeleka ugali na mlenda kwa baba. Pale duarani walikuwa na winchi ya kienyeji: gogo limelazwa juu ya miti miwili yenye panda, kamba imezungushwa kwenye gogo, na pembeni kuna mkono wa chuma wa kuzungushia. Baba alikuwa ameshika mkono huo anavuta ndoo ya mawe kutoka chini. Nilisimama karibu naye, karibu mno, kwa sababu nilipenda kuona ndoo inavyotokeza.

Mara sauti ikaja kutoka chini ya shimo. "Umetema! Jamani, mwamba umetema!"

Mwamba ukitema maana yake dhahabu imeonekana, na hiyo ndiyo sauti kila mtu pale aliacha shamba kuisubiri. Baba aliachia mkono wa winchi akainama kuchungulia. Aliuachia mara moja tu. Ndoo ikarudi chini na uzito wake, gogo likazunguka, na kile chuma kikaja usoni kwangu.

Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti kama mtu amevunja kijiti kikavu ndani ya kichwa changu, halafu nikajikuta nimekaa chini. Ndoo ilikwama kwenye matimba, magogo ya kuzuia kuta za shimo, kwa hiyo aliyekuwa chini alipona. Mimi nilikuwa naangalia tu. Kitu cha moto kilikuwa kinashuka kidevuni, chenye ladha ya msumari. Nikavuta pumzi kwa mdomo, na upepo ukapita mahali ambapo haukuwahi kupita. Nikapeleka ulimi. Ulimi ulizama kwenye shimo laini, lenye joto, na ukashtuka ukarudi wenyewe.

Ndipo nikaliona. Lilikuwa limelala kwenye vumbi jeupe la mawe, hatua moja kutoka mguuni kwangu. Maisha yangu yote nilidhani jino ni kile kipande unachokiona kwenye kioo. Hili lilikuwa refu mara mbili ya hapo. Nusu yake ilikuwa nyeupe, ile niliyoijua. Nusu nyingine ilikuwa mzizi wa manjano, umechongoka, una nyuzi nyekundu za nyama. Nililiokota nikiwa sijui kama ni langu.

Marwa alikuja, akanishika kidevu, akacheka ili nisilie. "Bhoke, acha hizo. Litaota jingine. Wewe si mtoto? Watoto huota."

Baba alikuwa amekuwa mweupe kama lile vumbi. Alichana kipande cha shati lake, akanipa niume. Akanitazama, akalitazama shimo, akanitazama tena. Kutoka chini yule mtu alikuwa bado anapiga kelele kwa furaha, hajui lililotokea juu.

"Nenda nyumbani kwa mama yako," baba akasema. "Nakuja sasa hivi."

Nikaenda peke yangu. Jino nilikuwa nimelifumba kwenye ngumi. Nilikuwa nageuka kila baada ya hatua chache, na kila nilipogeuka niliona mgongo wa baba, ameinamia shimo.

Nyumbani mama hakuwepo, alikuwa ameenda kisimani. Dana alikuwa kwenye kivuli cha jiko anapukuchua maharage. Alipoona damu kwenye gauni aliinuka hata maharage yakamwagika.

"Nani amekupiga?"

"Winchi."

"Winchi ni nani? Mwana wa nani?"

Nikafungua mdomo, nikafungua na ngumi. Dana macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Aliona mtoto, akaona jino mkononi mwa mtoto. Akatulia kabisa, hata akatabasamu. Alinipangusa uso kwa kanga yake, akachukua jino, akaniambia, "Usilie, nyakwara," yaani mjukuu wangu. "Sema na mimi." Akazunguka mbele ya nyumba kubwa, akalirusha juu ya paa la nyasi, huku tukisema pamoja yale maneno ambayo watoto wote tuliyasema jino la utoto likitoka: ndege wa paa, chukua la zamani, niletee jipya. Niliyasema kwa mdomo unaovuja damu, na nikaamini. Nilikwishayasema mara nyingi, na kila mara jipya lilikuja.

Mama akarudi na ndoo ya maji kichwani. Hapa nieleze kwamba kabla hajaolewa mama alifanya usafi miaka miwili kwenye chumba cha meno cha hospitali moja. Alikuwa anafagia tu na kumwaga ndoo, lakini macho yake hayakuwa yamefungwa. Aliponiona hakupiga kelele. Alishusha ndoo, akaniambia nifungue mdomo, akaingiza kidole akahesabu, moja, mbili.

"Hili la mbele lilitoka lini?" akaniuliza.

"Leo."

"La kwanza lilitoka lini?"

Sikukumbuka. Akajijibu mwenyewe. "Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunavuna mtama. Lililotoka leo ni la pili." Akamgeukia mama yake, na sauti yake ikabadilika. "Mama, hakuna la tatu. Liko wapi?"

Dana aliinua kidevu, akaonyesha paa.

Mama alikaa chini pale pale kwenye tope la maji yaliyomwagika. "Nimeona kwa macho yangu jino likirudishwa," akasema. "Mtoto alianguka kwenye ngazi za kanisa. Walilileta mbichi, daktari akalirudisha, likashika. Likikauka halishiki. Mama, linakauka huko juu!"

Jua lilikuwa la saa saba. Ningependa kusema kwamba tulipanda mara moja tukalichukua. Lakini kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mwanamume. Ni mwiko mzito, kama kumtakia mwenye nyumba kifo. Na mama mkwe ndiyo kabisa, hata kuingia chumba cha mkwewe haruhusiwi, ndiyo maana Dana alikuwa analala nyumba ya jiko. Mama alitazama huku na huku kutafuta mwanamume. Hapakuwa na mwanamume. Ukiuliza yuko wapi, utaambiwa yuko duarani. Majirani wanawake walikuwa wameanza kujaa uani, kila mmoja ananifungua mdomo na kusema "uwii".

Mama akavua kanga ya pili akaifunga kiunoni. Dana akamshika mkono.

"Wewe bado unazaa. Na huyu ni mume wako," akasema. "Kaa chini. Mimi nimemaliza kuzaa, na mume wangu yuko kaburini tangu zamani. Huo mwiko utanifanya nini? Ni mimi niliyelitupa."

Mama Nyangi, jirani yetu, akashika kichwa. "Mama mkwe juu ya nyumba ya mkwe! Leo dunia imepinduka!"

"Imepinduka mdomoni mwa mtoto," Dana akamjibu. "Acha kupiga domo, nishikie mguu."

Alipanda kwanza juu ya kinu kilichogeuzwa, kisha kwenye ghala la nafaka lililoegemea nyumba, kisha akajilaza kifudifudi juu ya nyasi, akawa anatambaa kama mjusi. Chini wanawake walikuwa wanaziba macho na kuchungulia kati ya vidole. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa cha shati la baba. Sikuogopa tena jino. Niliogopa kwamba Dana atashuka amekufa, au baba atakufa huko alipo, na mimi ndiye sababu.

"Limeingia ndani ya nyasi," Dana alisema kutoka juu, anahema. "Nililirusha hapa. Mkono wangu bado unakumbuka." Akawa anachambua nyasi moja moja kwa vidole, kwa sababu macho hayakumsaidia. Mavumbi na masizi yakawa yanaanguka. Muda ulipita, sijui ni kiasi gani, kwangu ulikuwa mwaka. Kisha akapiga ukelele. "Aseyude! Nimelipata!"

"Shika kichwa chake cheupe!" mama akapiga kelele. "Usishike mzizi! Usilifute na nguo!"

Dana alishuka na michubuko miguu yote miwili. Mama alishika jino kwa upande mweupe, akalimiminia maji safi ya kisima, kidogo kidogo, bila kulisugua. Akajaribu kulirudisha hapo hapo. Lakini mdomo ulikuwa umevimba kama andazi, na nilipoona kidole chake kinakuja nilipatwa na wazimu, nikamng'ata kwa meno yaliyobaki. Akaacha. Akasema, "Maziwa." Vibuyu vyote vya nyumbani vilikuwa na mgando. "Mgando hapana." Ng'ombe walikuwa malishoni, lakini mbuzi mmoja aliyezaa alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Mama alimkamua pale pale ndani ya kikombe cha bati, na jino likazama kwenye maziwa yenye joto.

Barabarani tulipata pikapu iliyokuwa inabeba viroba vya mawe kwenda Tarime. Dereva aliniona akasema tu, "Pandeni." Tukakaa juu ya viroba, mimi katikati ya mama na Dana, mama ana kikombe mkononi. Barabara ya siku zile sitaki kuielezea. Kwenye shimo la kwanza maziwa yalimwagika nusu. Kwenye la tatu kikombe kiliruka chote, na mama akadaka jino hewani kwa kiganja, kama mtu anavyodaka panzi.

Hatukuwa na maziwa mengine. Jua kali, upepo, vumbi. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Basi. Limekwisha."

"Hata mate hayafai?" Dana akauliza.

Mama akamtazama. "Yanafaa. Lakini huyu nikimwekea mdomoni atalimeza."

Dana akafungua mdomo wake. Akachukua jino, akalisuuza kwa mate yake, akalilaza mahali pale chini ambapo meno yake sita yaling'olewa akiwa msichana. Likatoshea. Akafumba mdomo, akatazama mbele. Mwanamke yule aliyekuwa anaongea tangu alfajiri mpaka usingizini hakusema neno moja tena mpaka Tarime.

Tulipopita karibu na kijito mtu alikuwa anakimbia kwenye vumbi, miguu mitupu, matope mpaka magotini. Alikuwa baba. Nyuma yake, mbali, Marwa alikuwa anaita, "Wewe! Unaondoka leo? Leo?" Baba hakugeuka. Alidandia nyuma ya pikapu, akakaa kwenye ukingo mbali na mkwewe kama adabu inavyotaka, anahema.

"Mama, shikamoo," akamwambia Dana.

Dana akatikisa kichwa tu.

Baba akangoja. Akajaribu tena. "Mama, mtoto anaendeleaje?"

Dana akakaza midomo. Baba akainama karibu na mama. "Amenikasirikia?"

"Ana jino mdomoni," mama akasema.

"Jino gani?"

"La mwanao."

Baba akamtazama Dana mdomoni. "Lilikuwa wapi?"

"Juu ya nyumba yako."

"Na nani aliyepanda?"

Dana akageuza uso kutazama mashamba. Baba akavua kofia akajifunika nayo uso. Nilidhani sasa ndiyo hasira inakuja. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia, na sikuwahi kumuuliza.

Pikapu ilitushusha Nyamisangura, pale pale Tarime, kwa shangazi, na kutoka pale baba alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari wa meno alikuwa kijana mwembamba, anafunga chumba aende nyumbani. Aliangalia mdomo wangu kwa tochi.

"Jino lenyewe mmelitupa?"

Dana akasogea mbele, akafungua mdomo. Daktari akaelekeza tochi, akaona mahali pa meno sita na jino moja la mtoto limelala hapo. Akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi! Na ya kwako yako wapi?"

Alipokwisha kulitoa na kulikabidhi, Dana akapata ulimi wake. "Ya kwangu yalizikwa. La huyu sijaleta lizikwe."

Daktari hakucheka. Aliuliza lilitoka saa ngapi, lilikaa kavu muda gani, nani alilisugua. Mama alimjibu yote, kitu kwa kitu. "Hamkulisugua, hilo ni jema," akasema. "Mngelileta kesho ningewapa pole tu. Leo nitajaribu. Siahidi."

Alinichoma sindano ya ganzi kwenye ufizi, mara mbili. Hiyo niliisikia, machozi yakatoka yenyewe. Alisafisha shimo kwa maji ya chumvi, damu iliyoganda ikatoka kama kipande cha ini. Kisha akashika jino kwa upande mweupe na kulisukuma polepole, na nikasikia, siyo kwa sikio bali kwa mfupa, kitu kinarudi mahali pake. Akalifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani. Akanichoma sindano ya pepopunda, akanipa na dawa. Akasema nile uji na vyakula laini, nisiume chochote kwa meno ya mbele, na nisafishe mdomo kila nikila.

Nilidhani imeisha. Siku ya nne, tukiwa bado kwa shangazi, ufizi ulivimba, ukawa mwekundu, na mdomo ukatoa harufu ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kuivumilia. Mwili ukawa moto. Niliogopa kugusa waya, kwa hiyo nilikuwa nadanganya kwamba nimesafisha. Watoto wa Nyamisangura walikuwa wanachungulia dirishani kwa shangazi na kuimba, "Mdomo wa nyaya! Mdomo wa seng'enge!" Nilimwambia mama alitoe tu. Nilisema heri pengo.

Daktari alinikaripia. "Ni uchafu wako, siyo jino. Jino linapigana na wewe unalisaliti." Neno hilo liliniuma kuliko sindano. Tangu siku hiyo mama alinisafisha mwenyewe kwa kitambaa laini na maji ya chumvi ya vuguvugu, asubuhi, mchana, jioni, mimi nikiwa nimemshika kanga. Uvimbe ukashuka.

Kisha daktari akasema mshipa wa ndani ya jino umekufa na lazima utolewe kabla haujaoza, na kwamba yeye hana vifaa hivyo. Kulikuwa na hospitali yenye vifaa upande wa pili, karibu na kwa Dana. Ndivyo nilivyovuka mpaka kwa mara ya kwanza, na nadhani ndipo miguu yangu ilipojifunza kutotulia. Nesi wa kule aliona waya akasema, "Haiya! Hii jino nani alirudisha? Amefanya kazi fiti. Fungua mdomo, mrembo, usiogope." Walitoboa jino kwa nyuma, wakatoa uzi mdogo mweusi, wakajaza dawa. Waliporidhika kwamba limeshika waliondoa waya. Nikapeleka ulimi polepole. Hapakuwa na shimo. Nikalisukuma kwa ulimi. Halikutikisika. Nilikaa kwenye kiti kile nikalia mpaka nesi akadhani ameniumiza.

Waliniambia ukweli: huenda likadumu miaka michache tu, mwili unaweza kuula mzizi wake polepole. Likaanza kuwa la kijivu. Mpaka leo lipo. Ni fupi kidogo kuliko mwenzake, na mganga mmoja wa meno aliyelipiga picha hivi karibuni alinitazama kwa mshangao, akasema mzizi uliobaki ni mdogo sana, na hajui limeshika wapi. Mimi najua limeshika wapi, ila siwezi kulieleza kwa lugha ya daktari.

Baba hakupata ugonjwa wowote kutokana na ule mwiko. Lile duara lilitoa kidogo, kisha likafa. Lakini mpaka alipofariki, akiniona nashika muhindi wa kuchoma alikuwa anaacha kula na kunitazama mpaka nimalize. Hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Nimesamehe ule mgongo niliouona njiani, kwa sababu ndiye niliyemwona pia akikimbia pekupeku kwenye vumbi.

Sasa niko Issenye, nina kibanda karibu na barabara. Mwezi uliopita mwanafunzi alianguka na baiskeli mbele yangu, jino likaruka. Wenzake walikuwa wanacheka. Mmoja alikwisha kuliokota na alikuwa analisugua kwa mchanga kuliosha. Nilipiga kelele mpaka bodaboda wakasimama. Miaka yote hii imepita, na bado hatujui. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa hiyo nawaomba. Mtoto wa miaka saba na kuendelea aking'oka jino la mbele, usikimbilie kusema litaota jingine, uliza kwanza kama hili ni la pili. Likiwa la utoto kweli, liache, halirudishwi, mpeleke tu akaangaliwe. Likiwa la ukubwani, lishike kwa upande mweupe. Usiguse mzizi, usilisugue, usilifunge kwenye karatasi likauke. Lina uchafu? Lisuuze kidogo tu kwa maji safi. Ukiweza na mtoto ametulia, lirudishe kwenye shimo lake, aume kitambaa kulishikilia. Ukishindwa, liweke kwenye maziwa mabichi, siyo mgando, ukikosa basi atemee mate yake mwenyewe kwenye kikombe. Alivyofanya Dana msiige, siku hizi tunajua magonjwa yanayopita kwenye mdomo wa mtu mwingine. Kisha kimbia kwa daktari. Usisubiri baba arudi. Usisubiri hata shati likauke damu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari kijana ambaye hakufunga mlango wake, na dereva aliyesema pandeni. Namshukuru mama, aliyefagia chumba cha watu na akakumbuka alichokiona.

Dana aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila niliporudi kutoka machimbo yoyote, kabla sijamaliza kusema shikamoo, alikuwa ananikatiza. "Cheka kwanza nione." Nikicheka ndipo anaitikia marahaba. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani kwake, ukungu umeziba macho yote mawili. Nikasema shikamoo. Akasema, "Cheka." Nikacheka, nikasahau kwamba haoni. Akainua mkono, akatafuta uso wangu, akapitisha kidole kwenye mdomo, kwenye mwanya, kisha kwenye lile jino fupi. Akalibonyeza kidogo, kama mtu anavyojaribu nguzo ya nyumba.

"Lipo," akasema. "Marahaba, nyakwara."